Matundu Aliyoyaziba Fundi

Kijiko kilikuwa cha stili, cha aina ile isiyojua kutu ni nini, lakini mke wa Ziba alipokitoa mdomoni kilikuwa na doa la kahawia pale ulimi ulipogusa. Alikifuta kwa kitambaa. Doa halikutoka.

"Baba watoto, hebu ona."

"Vijiko vya siku hizi," Ziba alisema bila kugeuka. "Wanatuuzia makopo."

Ziba alikuwa fundi wa kuchomelea, na kosa lolote likitokea alishajua ni la nani kabla hujamaliza kumweleza. Wiki tatu nyuma, pikapu ya shemeji yake, kaka wa huyu huyu mke, ilikatika katikati kwenye mteremko. Mbele ikaenda kivyake na nyuma kivyake. Shemeji alifia palepale. Fremu ikavutwa hadi gereji, ikatupwa nyuma ya kibanda, na tangu siku hiyo pale gereji hapakuwa na kazi, ni ubishi tu.

"Kiwanda," alisema Ziba. "Chuma chao ni biskuti."

"Kiwanda ndicho kilichoipitisha barabarani?" alidakia mpaka rangi wa gereji. "Wa kulaumiwa ni mkaguzi. Aligonga muhuri amekaa kitini, gari hata hakuliinamia."

"Na wewe uliyeipaka lami juu ya kutu?"

"Mimi napaka ninacholetewa, kaka. Ukiniletea maiti nitampaka poda."

Walicheka, kisha wakakumbuka aliyekufa ni nani, wakakwepa kutazama nyuma ya kibanda.

Basi acha lisemwe hapa lile ambalo kule halikusemwa. Fremu ya pikapu ni sanduku refu la chuma, tupu ndani. Wanaoitengeneza huiachia matundu kwa chini ili maji ya mvua na tope yatoke. Wateja walichukia kuona maji ya kutu yakidondoka kwenye sakafu zao, na Ziba akaona hiyo ni riziki. Alikata vibati, akachomelea tundu moja baada ya jingine, akasaga mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. "Kwangu haivuji hata tone," alijisifu, na jina la Ziba alilipatia hapo. Ni kweli, haikuvuja. Maji yaliingia kwa juu, yakakaa humo gizani, yakatafuna.

Siku ya pili baada ya kijiko, mke alianza kukohoa. Makohozi yalikuwa na rangi ya matofali. Hospitali walimpiga picha, wakasema kifua ni safi kabisa, apumzike. Akapumzika. Vibanio vya nywele vikamkatikia kichwani. Bawaba za mlango wa chumbani zikaachia, mlango ukaanguka wenyewe saa sita mchana, jua likiwaka. Nyumba nzima ikashika harufu ya chuma kilicholowa, harufu ya sarafu iliyofumbatwa mno na mkono wenye jasho.

Siku ya tatu Ziba alimshika mabega ili amgeuze kitandani, na hapo akasikia maji. Hayakuwa ya tumboni, maana tumbo lina mlio wake na kila mtu anaujua; haya yalitiririka kwa urefu, kutoka begani hadi nyongani, yakafika mwisho, yakagonga ukuta, yakarudi taratibu, kama maji ndani ya bomba lililofungwa huku na huku, na Ziba, ambaye masikio yake yaliufahamu mlio huo kwa miaka kumi ya kuinua magari, alimlaza mkewe polepole, akatoka nje kunawa mikono, akanawa mara tatu.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga. Mganga alikuja kwa pikipiki, akaingia na helmeti kwapani.

"Nimenunua ubani," mama mkwe alinong'ona.

"Uweke tu, mama. Huyu hali ubani."

Aliweka sikio kwenye mgongo wa mgonjwa. Akagonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu abishaye hodi.

Kutoka ndani, kitu kikagonga pia.

"Jini wa chuma," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa penye giza na unyevu, pasipo na mahali pa kutokea. Kuna mtu alimfungia. Nyumba yake ilipovunjika, akafuata damu ya yule aliyefia humo."

"Anataka nini?" aliuliza mama mkwe.

Mgonjwa alifumbua mdomo. Sauti haikuwa yake. Ilitoka mbali, kama mtu anayesemea mwisho wa bomba.

"Nani alinifungia?"

"Kiwanda," Ziba alijibu haraka.

Kucha za mke zikageuka kahawia, zote kwa mpigo.

"Mkaguzi! Aligonga muhuri bila..."

Mkono mzima ukafuata. Ngozi ikaanza kubanduka magamba, kama rangi kuukuu.

"Mwanangu!" Mama mkwe alilia kwa kujizuia. "Baba, kama hujui usijibu!"

"Mpaka rangi, yule..."

Kahawia ikapanda shingoni.

"Fundi," mganga alisema taratibu, "mimi siwezi kukutajia. Ila ukikosea tena, itafika moyoni."

Ziba alimtazama mama mkwe, aliyemzika mtoto mmoja wiki tatu nyuma na sasa ameshika miguu ya wa pili, akatazama ile shingo iliyokuwa ikipasuka nyufa nyembamba kila mke alipovuta pumzi, na alijua kwamba akisema atampoteza mke huyu akiwa hai, na asiposema atampoteza hata hivyo, na harufu ya chuma ikamjaa puani mpaka akahisi ulimi wake mwenyewe unakwaruza.

"Mimi," alisema. "Niliziba mimi. Shemeji aliniomba niyaache yale matundu. Nikamwambia asinifundishe kazi."

Maji ya kahawia yakatiririka kutoka kitandani, mengi, yakapita sakafuni katikati ya miguu yao, yakatokea mlangoni. Na sauti ikacheka.

"Asante, fundi. Mimi natoka. Wenzangu kumi na sita bado wamo ndani ya fremu ulizoziba."

Mke alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa safi. Alikuwa amesikia kila neno, ilionekana usoni. Mama mkwe aliinama kukausha sakafu, hakutaka kumwangalia mkwewe.

"Kumi na sita," mke alisema. "Una namba za simu za wenye magari?"

Ziba alimgeukia mganga.

"Usiniangalie mimi," mganga alisema. "Hii ya sasa si kazi ya uganga."

Ziba akatoa simu, akaanza kupiga. Gari la kwanza lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwa mwenyewe. La pili lilishauzwa kwa chuma chakavu. Dereva wa tatu alipokea huku watu wakiimba nyuma yake.

"Fundi Ziba! Nimepakia ukoo mzima, tunampeleka bibi harusi!"

"Simama! Washushe watu sasa hivi!"

"Nisimame vipi, fundi, tumechelewa! Halafu kuna kitu kinalia huku chini, nadhani ni jiwe. Nitakupigia."

Simu ikakatika.

"Mpigie tena," mke alisema. Alikuwa ameketi wima, kifua kimepona, macho makavu.

Alipiga. Iliita, ikaita, na wote wanne mle chumbani wakahesabu milio.