Karibu, Tukusaidie Nini?

Nikiandika haya mtoto yuko mapajani mwangu na sitaki kumweka chini, kwa hivyo mwandiko ukipinda mnisamehe. Wengine husimulia yaliyompata shangazi, au jirani wa jirani. Haya yalinipata mimi, Biasha, hapa Ukunda, mwaka huu wa tisini na nane, na hayakuanza na bundi wala paka. Yalianza siku bosi wetu alipofunga ofisi.

Ilikuwa Jumatatu njema tu, ya jua. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ya kupangisha na kuuza nyumba, na sisi tulikuwa watatu: Bwana Musyoki mwenye ofisi, mimi wa simu na barua, na Mzee Rai aliyekuwa akipeleka wateja kuona nyumba kwa baiskeli yake. Nyumba zikikosa wapangaji, yeye ndiye aliyefunika viti kwa shuka nyeupe, akizipenyeza pembe chini ya miguu ya viti vumbi lisiingie. Na mwaka huu kazi hiyo alikuwa nayo tele. Baada ya vurugu za mwaka jana watalii walikatika, nyumba za Diani zikabaki na popo, na Bwana Musyoki akaona haina maana kulipia chumba cha barabarani.

"Kila mtu atafanyia kazi kwake," akasema. "Mimi Tiwi na faksi yangu. Rai na baiskeli yake. Biasha, wewe simu na funguo. Umekuwa meneja wa sebuleni!"

Tukacheka. Mimi nilifurahi kweli, maana Mapenzi, binti yangu, alikuwa na miezi tisa, na kila asubuhi nilikuwa nikimwacha kwa watu, kifua kimejaa maziwa, moyo uko nyuma. Swabir, mume wangu, kazi yake iko Shimoni na hurudi Ijumaa tu. Basi fundi wa simu akavuta waya mpaka sebuleni kwangu, namba ile ile ya ofisi. Faksi ya ofisi ikakaa juu ya kabati la vyombo. Ubao wa funguo ukapigiliwa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, maana hapakuwa na ukuta mwingine.

"Mteja asijue tumehama," bosi akaniusia. "Simu ikilia, jibu vile vile."

Vile vile ni hivi: Karibu, tukusaidie nini?

Mzee Rai alibaki nyuma. Akautoa ufunguo namba kumi na saba ubaoni, wa nyumba moja ya Galu iliyokaa tupu miaka mitatu kwa sababu hakuna mpangaji aliyemaliza mwezi ndani yake.

"Mwanangu, huu usiulaze ndani. Utundike nje, chini ya paa. Na simu ikilia saa nane kamili mchana, iache ilie."

Nikakumbuka. Kule ofisini, simu ya saa nane alikuwa akiipokea yeye kila siku, anainua mkonga, hasemi neno, anaurudisha. Nilidhani ni uzee.

"Na bosi akiuliza je, mzee?"

"Bosi halali na mtoto mchanga ofisini."

Nikasema ewaa, mzee. Alipopinda kona na baiskeli yake nikaurudisha ufunguo ubaoni. Nilisoma mpaka kidato cha nne mimi. Na ufunguo ukiachwa nje si utaibwa, kisha alaumiwe nani?

Jumanne simu zilikuwa chache. Nilikuwa nikimnyonyesha Mapenzi, usingizi unanichukua na mimi, simu ikalia. Sikutazama saa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Sauti ya mwanamke, ya adabu, ya mbali kidogo. "Hodi."

"Karibu, tukusaidie nini?"

Nikasikia kama watu wengi wakivuta pumzi pamoja.

"Ahsante," ikasema. "Tunakaribia."

Ikakatika. Mapenzi aliacha titi, akageuza shingo akautazama mlango, akanyoosha mikono miwili juu. Vile anavyofanya akitaka mtu ambebe.

Jumatano nyumba ilianza kunuka. Madirisha yalikuwa wazi, upepo unaingia, na bado ilinuka kama nyumba iliyofungwa muda mrefu, ile harufu ya mapazia yaliyoota ukungu. Nikafuta meza. Vumbi likarudi. Nikafuta tena. Nilikwenda uani kuchota maji, ndoo moja tu, Mapenzi mgongoni, na niliporudi viti vyangu viwili vilikuwa vimefunikwa. Kwa shuka zangu mwenyewe, zile nyeupe za harusi zilizokuwa chini kabisa sandukuni. Pembe zimepenyezwa chini ya miguu.

Hapo hapo faksi ikaanza kukoroma. Ilikuwa orodha ya nyumba tupu kutoka kwa bosi. Nikasoma mpaka chini. Ya mwisho ilisema: Ukunda, nyuma ya msikiti, sebule na chumba kimoja, haina watu.

Nikampigia. "Bosi, mbona umeandika nyumba yangu?"

"Yako? Biasha, mimi nimetuma kumi na saba."

Nikahesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi na nane.

"Mama Mapenzi, lala kidogo," akasema akicheka. "Kazi ya nyumbani inakuchosha mapema hivi?"

Alhamisi niliamua simu ya saa nane sitaipokea. Mapenzi alikuwa amelala. Nilitoka kuanua nepi, hatua kumi kutoka mlangoni, mlango nauona. Simu ikalia. Nikaiacha. Ikalia. Nikaiacha. Ikalia.

Ikakatwa katikati ya mlio.

Kama inavyokatwa mtu anapoinua mkonga.

Ndani hamkuwa na mtu. Ndani mlikuwa na mwanangu tu.

Sikumbuki nilivyofika. Mkonga ulikuwa umelazwa mezani, taratibu. Kitandani, shuka nyeupe. Imetandazwa kutoka kichwani mpaka miguuni. Pembe nne zimepenyezwa chini ya godoro. Katikati, kimwinuko kidogo. Hakisogei.

Nikaivuta. Mapenzi alikuwa macho. Anapumua. Hakulia. Alinitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

Nikamnyakua, nikaung'oa ufunguo ubaoni, nikakimbia pekupeku mpaka kwa Mzee Rai. Shikamoo yenyewe niliisahau. Nilipotaja nilivyojibu simu akakaa chini kwenye kibaraza.

"Kule ofisini ukisema karibu, unamkaribisha wapi? Chumba cha meza na karatasi, jioni kinafungwa. Lakini kwako, mwanangu. Kwako kuna kitanda."

Akauchukua ufunguo, akapanda baiskeli, akaenda Galu. Alirudi kabla ya magharibi, shati limemganda mgongoni.

"Nimewaambia warudi kwao. Ufunguo nimeuacha ndani, mlango wazi. Hautafungwa tena." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Biasha, mtoto umewahi kumpeleka kule?"

"La, mzee. Hata mimi sijafika."

"Sakafuni pana vumbi la miaka mitatu. Nimekuta njia ya mtoto anayetambaa. Alama za viganja na magoti. Kutoka mlangoni mpaka chumba cha mwisho."

"Na za kurudi?"

Akamtazama Mapenzi mikononi mwangu. Akamtazama muda mrefu.

"Za kurudi sikuziona."

Tumehama. Kazi niliiacha, simu ilikwenda kwa bosi Tiwi. Swabir anasema mtoto ni yule yule, alama ya kuzaliwa iko pale pale begani, na kweli iko. Ananyonya, analala, anacheka. Lakini nikimweka chini uani, hutambaa mpaka kizingitini na kusimama hapo. Haingii. Hugonga ubao wa mlango kwa kiganja, mara tatu, mlango wenyewe uko wazi, kisha huinua uso kunitazama.

Ananingoja niseme lile neno. Mwanangu, mlangoni kwetu. Na mimi mama yake, hadi leo, ulimi hauniinuki.