Magoti Yaliyoelekea Ukutani

Wewe ungemshuku nani? Rafiki yangu Rozalia, injinia aliyekosa ajira, hufagia masizi yanayopeperuka kutoka kiwanda cha chuma hadi ndani ya kanisa letu jipya hapa Ural, Urusi, na ufunguo anao yeye tu. Lakini asubuhi moja alama za magoti zilikutwa kwenye masizi sakafuni.

"Mwenye digrii, nani kapiga magoti kwenye masizi?" Padre Konrad alimdhihaki. "Ukimfungulia mtu tena, kazi huna."

"Labda malaika, Padre."

Siku hiyo akajifungia ndani bila kufagia. Saa kumi na moja jioni giza la Januari likaingia. Vigae vya sakafu vikalia gu, gu, gu, kutoka mlangoni hadi miguuni pake. Akawasha tochi. Hapakuwa na mtu. Masizi yalijaa alama mbichi za magoti, zote zimeelekea ukutani kama za watu wanaosubiri kupigwa risasi, na zile za mwisho zilikuwa ndogo, za mtoto.

Nyinyi mliochimba msingi wa kanisa hili, semeni: mlikuta nini mle chini, na kwa nini mlikifukia?