Valvu ya Ukungu

Baridi ya asubuhi ya Eldoret haina adabu. Huingia ndani bila kubisha hodi na kujilaza kitandani pamoja na wenye nyumba. Hata hivyo, kila Jumamosi Nelima aliamka kabla mama yake hajamwita. Alifagia, akaosha vyombo, kisha akabeba chupa ya chai na mkate hadi gereji ya baba yake, kando ya barabara ya kwenda Kapsoya.

Baba yake, fundi Murunga, alikuwa mtu wa maneno machache na mafuta mengi. Mafuta yalikuwa kwenye ovaroli, kwenye kofia, na mara nyingine hata kwenye mkate. Nelima alipenda kila kitu cha gereji, lakini kilichompendeza zaidi ni mashine ndogo yenye waya ambayo baba aliichomeka chini ya usukani. Gari la kisasa likipata hitilafu, taa ya manjano yenye umbo la injini huwaka mbele ya dereva. Ukiichomeka ile mashine, inakuonyesha herufi na nambari. Mafundi huziita kodi, ingawa hazina uhusiano wowote na mwenye nyumba.

"P0300?" baba aliuliza huku amelala chini ya gari.

"Moto unakosa kwa injini!" Nelima akajibu.

"P0171?"

"Hewa ni nyingi, petroli ni kidogo!"

Siku moja dereva wa basi la shule alilalamika kuhusu taa hiyo. Nelima, aliyekuwa Gredi ya Saba, alimweleza maana ya kodi yake palepale uwanjani, na ikawa kweli. Tangu siku hiyo wanafunzi wenzake walimwita Daktari. Jina hilo lilimnogea kuliko chai ya maziwa. Akaanza hata kutembea kama daktari, mikono nyuma na shingo mbele.

Jumamosi moja baba aliitwa Ainabkoi kutengeneza trekta. Alimwachia Nelima kazi moja tu.

"Mtu akija, mwambie nitarudi jioni."

"Sawa, Baba."

Baba hakuwa amefika mbali wakati gari dogo la kijivu lilipoingia gereji. Aliyeshuka alikuwa Mwalimu Nderitu, aliyemfundisha Nelima Sayansi. Mwalimu Nderitu alikuwa mtu mkunjufu aliyependa kueleza mambo. Ukimsalimu "Habari ya asubuhi?" angeweza kukueleza asubuhi hutokeaje. Tyson, mwanafunzi mwenzake Nelima aliyekaa nyumba ya pili kutoka gereji, alipoona gari la mwalimu alikuja mbio kutazama.

"Daktari!" Mwalimu Nderitu akaita. "Hii taa imeniwakia tangu jana. Mzee yuko wapi?"

"Ameenda Ainabkoi, Mwalimu. Atarudi jioni."

Hapo Nelima angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini Tyson alisema, "Si uisome wewe! Kwani wewe si Daktari?"

Nelima akachukua mashine, akaichomeka, akasubiri. Kioo kikaonyesha P0128.

Nelima aliitazama ile kodi. Kodi nayo ikamtazama. Hakuwa ameiona maishani mwake. Mashine yao ilikuwa ya zamani, na haikutoa maelezo yoyote, nambari tu.

"Ehe?" mwalimu akauliza. "Unaijua?"

Neno lililotakiwa lilikuwa fupi sana. Lilifika hadi kwenye ulimi wake. Lakini Tyson alikuwa amesimama pale, mdomo wazi, akingoja maajabu. Nelima akageuza uso kuelekea barabarani, ambako ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umefunika nusu ya mkaratusi.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ni valvu ya ukungu."

"Valvu ya nini?"

"Ya ukungu. Huku kwetu ni baridi. Ukungu unaingia kwa injini, sasa kuna valvu ya kuutoa. Yako imeziba."

Alijishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini. Mwalimu Nderitu alifikiri kidogo, kisha uso wake ukang'aa.

"Inaingia akilini kabisa! Hewa baridi, injini moto, unyevu lazima uende mahali. Sasa usimsumbue baba yako. Nitainunua mwenyewe, halafu nimletee anifungie."

Akaondoka akipiga honi. Tyson alimtazama Nelima kama mtu anayetazama ndege kubwa ikitua. Nelima hakumwambia baba yake lolote jioni ile.

Jumatatu, somo la Sayansi lilianza kwa mwalimu kuchora injini kubwa ubaoni. Juu ya injini akachora wingu. Kati ya wingu na injini akachora kitu kama kifuniko cha sufuria.

"Leo," akasema kwa furaha, "tutajifunza jinsi unyevu unavyoathiri mitambo. Hiki ninachokionyesha kinaitwa valvu ya ukungu. Chora vizuri. Inaweza kutokea kwa mtihani."

Darasa zima likainamisha vichwa na kuchora. Nelima alichora pia. Aliandika "valvu ya ukungu" na kuipigia mstari kwa rula, kama mwalimu alivyoagiza. Hajawahi mtu kunakili uongo wake mwenyewe kwa mwandiko mzuri kiasi kile.

"Asante kwa Daktari wetu," mwalimu akaongeza, na darasa likampigia makofi. Nelima akainamia daftari lake.

Baada ya masomo Mwalimu Nderitu alimwita. Alikuwa amempigia mama yake Nelima simu kuomba ruhusa. "Twende mjini ukanisaidie kuitambua hiyo spea. Mimi naweza kuuziwa kitu bandia."

Nelima alipanda gari kama mgonjwa anayepelekwa kudungwa sindano. Taa ya manjano iliwaka mbele yao njia nzima. Alijiambia kwamba duka la kwanza likisema hakuna kitu kama hicho, mwalimu atakata tamaa na mambo yataisha kimyakimya.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana aliyeitwa Ronnie, mwenye visikizi masikioni.

"Valvu ya ukungu?" Ronnie akasema bila kupepesa macho. "Ya petroli ama ya dizeli?"

"Petroli," akajibu mwalimu.

"Ah! Ya petroli imeisha, Mwalimu. Ya mwisho imeenda asubuhi."

Nelima akaduwaa. Kitu alichokibuni Jumamosi kilikuwa kimeshauzwa kikaisha!

Duka la pili lilikuwa la Mzee Otiende, aliyevaa miwani juu ya kipara. Yeye alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyekutana na ugonjwa anaoufahamu.

"Hizo zinasumbua sana magari ya siku hizi. Kuna ya Japani na kuna ya Dubai. Ya Dubai siwezi kukupa, nitakuwa nimekukosea." Akazama nyuma ya rafu, vyuma vikagongana, kisha akatoka na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Hii ni ya lori. Lakini tukikata hapa na hapa, itaingia."

Nelima alikitazama. Kilikuwa kiungo cha bomba la maji, kama kile cha tangi la nyumbani kwao. Mwalimu alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

"Hiyo si yake, Mwalimu!" Nelima akaropoka.

"Kwa nini?"

"Ni... ni nene sana. Ya ukungu huwa nyembamba."

"Unaona?" Mwalimu Nderitu akamwambia Mzee Otiende kwa fahari. "Huyu mtoto anajua."

"Kweli anajua," Mzee Otiende akakubali, akiikunja tena ile spea yake. "Hata mimi nilikuwa nasema hiyo ni nene. Wacha niagize Nairobi. Alhamisi itakuwa imefika."

Duka la tatu lilikuwa la Mama Dahabo, aliyeuza spea mjini tangu Nelima hajazaliwa. Mwalimu akauliza swali lake. Mama Dahabo aliweka kikombe cha chai chini.

"Sijui hiyo kitu, Mwalimu," akasema.

Baada ya maduka mawili, jibu hilo lilisikika kama lugha ya kigeni.

"Hujui?"

"Sijui. Nimeuza spea siku nyingi na sijaisikia. Pengine iko, lakini siwezi kukuuzia kitu sijui. Nani alikuambia unaihitaji?"

Mwalimu akamwonyesha Nelima. Mama Dahabo akamtazama, si kwa ukali, ila kwa muda mrefu kidogo.

"Binti, hebu nieleze. Hiyo valvu inakaa upande gani wa injini?"

Nelima akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mtu alipiga kelele nje.

"Nani mwenye hii gari ya kijivu? Inachemka!"

Wakatoka mbio. Mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka kwenye boneti. Watu walishaanza kukusanyika, kila mmoja akiwa fundi kwa dakika ile. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alisema ni uchawi. Lakini Mwalimu Nderitu alipiga makofi kwa furaha.

"Ukungu!" akapaza sauti. "Nelima, tazama! Ni ukungu wenyewe unatafuta pa kutokea!"

Akafungua boneti, akakunja leso yake mkononi, akaelekea kwenye kifuniko cha rejeta. "Tukiufungulia hapa, utatoka wote."

Jambo moja baba yake Nelima alikuwa amemkumbusha mara nyingi kuliko kodi zote: rejeta ikichemka haifunguliwi. Maji yanaruka yakiwa moto kuliko uji, na hayachagui uso.

"Mwalimu, usifungue!"

"Lakini ukungu lazima utolewe. Si ulisema mwenyewe?"

"Hakuna ukungu!" Nelima akapiga yowe, akamng'ang'ania mkono. "Hakuna valvu ya ukungu! Nilidanganya! Sikuijua ile kodi, nikabuni tu! Hayo ni maji yanachemka, yatakuchoma!"

Mkono wa mwalimu ukasimama hewani. Mama Dahabo akamvuta mwalimu nyuma taratibu kwa pindo la koti lake, akawaambia watu wote wasogee mbali na gari. Nelima alisimama katikati yao, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akitamani mvuke ule ungemfunika yeye.

Baba alipigiwa simu, akafika kwa bodaboda, mashine ikiwa kwenye begi. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Injini ilipopoa, aliichomeka mashine, akasoma.

"P0128," akasema. "Mm. Hii siijui. Hebu niangalie."

Akatoa simu yake na kuanza kutafuta.

Nelima alimkodolea macho. Baba yake, fundi Murunga, alikuwa amesema "siijui" mbele ya watu, na hakuna aliyecheka wala aliyempokonya spana. Watu walisubiri tu, kama wanaongoja mtu afunge kamba za viatu.

"Inasema maji ya injini hayapati joto ya kutosha," baba akasoma.

"Lakini yamechemka!" akashangaa mwalimu.

"Ndiyo maana kodi si jibu, Mwalimu. Inakuonyesha tu pa kuanzia kutafuta." Akainama, akapapasa chini ya injini, akatoa vidole vilivyolowa. "Ndio huu hapa. Mpira wa maji umepasuka. Maji yalikuwa yanapungua polepole, sensa ya kupima joto ikabaki kwa hewa, ikadhani injini ni baridi. Jumamosi tungeongeza maji na kubadilisha mpira, basi. Leo bado kidogo injini ife. Na mkono wako nao."

Mama Dahabo alikuwa na mpira wa aina hiyo. Huo aliujua vizuri.

Baba alipomaliza kuufunga, alimgeukia Nelima. Nelima akajiandaa kwa kelele, lakini baba alizungumza kwa sauti ya chini.

"Kabla twende nyumbani, utapita kwa yale maduka mawili uwaambie ukweli. Peke yako. Nitakungoja hapa."

Ronnie alitoa kisikizi kimoja, akasikiliza, akacheka hadi akashika kaunta. "Hata mimi nilikuwa najiuliza!" akasema. Mzee Otiende hakucheka. Aliteremsha miwani kutoka kwenye kipara, akaivaa, akamtazama kwa huzuni.

"Lakini binti yangu," akasema, "nimeshaagiza sita."

Siku iliyofuata Mwalimu Nderitu aliingia darasani, akaomba kila mwanafunzi afungue ukurasa wa valvu na kuukata kwa mstari mmoja mrefu. Kisha Nelima akasimama mwenyewe, bila kuitwa, akawaambia wenzake alivyofanya. Alieleza yote hadi mwisho. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kaa, Nelima," mwalimu akasema. "Umekosa, na umekubali. Lakini kosa halikuwa lako peke yako. Mimi nilifundisha kitu nisichokijua kwa sababu kilinipendeza masikioni. Wauzaji nao waliona haya kusema hawakijui. Uongo mmoja ulizunguka mji mzima kwa sababu karibu kila aliyekutana nao aliogopa kuonekana mjinga." Akafuta ubao uliokuwa tayari safi. "Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nawaambia, kusema 'sijui' si ujinga pia. Mtu akisema sijui, anaweza kufundishwa. Mtu akijifanya anajua, anaweza kumchoma mwenzake. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" darasa likajibu kwa pamoja.

Tyson akainua mkono.

"Mimi sijaelewa, Mwalimu."

"Vizuri sana, Tyson," akasema Mwalimu Nderitu, akavuta kiti na kukaa karibu naye. "Anza kuniambia ni wapi."