Tarumbeta ya Abdulatif

Siku ya soko Kitui, hata ukiitwa jina lako husikii. Lakini Wavinya, msusi mwenye rinda la njano na ulimi mwepesi, alisikia gitaa kwenye spika ya kibanda cha redio, akasimama. Wimbo ule babu yake Kyule huuvumisha akidhani yuko peke yake. Ukimuuliza, anafoka.

"Unanunua ama unaziba njia tu, mrembo?" akauliza mwenye kibanda, kijana wa shati jeupe na kofia.

"Nikinunua utanipunguzia?"

"Wewe nitakupa bure, halafu nifunge kibanda nilie."

Wakacheka. Jina lake Mikail. Bendi ya wimbo ule, akasema, ilichezesha watu dansi toka Kitui hadi Kambu miaka ya uhuru, na tarumbeta ilipulizwa na babu yake, marehemu Abdulatif.

Mapenzi ni kikohozi. Mahindi hayajakauka shambani, Mikail alishataka kuposa. Wavinya akampigia babu yake kule Kathonzweni, meno yote nje.

"Babu, nimepata mtu! Mjukuu wa Abdulatif wa tarumbeta."

Mzee akafoka. "Asi! Mwache huyo. Abdulatif alienda Nairobi akarekodi wimbo wetu kwa jina lake pekee, bendi ikafa. Nikala kiapo cha kithitu: wa nyumba yangu atakayeungana tena na nyumba yake, afe. Kinamchukua wa kwanza kukivunja, kisha kinakwisha, mwanangu. Na waliojua kukifungua tumewazika wote."

Mambo ya dini wangeyazungumza. Kithitu hakizungumziki, hata kwa waliookoka. Wavinya akazima simu, akarudi kwao Kathonzweni. Kuku akifa anashtuka. Mbwa akilia anashika kifua.

Jumamosi Mikail akatokea langoni, kanzu imepigwa pasi, na zawadi kwa Kyule mkononi: tarumbeta ya Abdulatif.

"Kama ni dini, sema. Kama kuna mwingine, sema. Lakini usininyamazie, Wavinya."

"Rudi nayo! Unataka nife?" Akamweleza yote akilia.

Mikail akarudi nyuma. "Basi naenda, mpenzi. Afadhali nikukose ukiwa hai."

Nyuma yao nyuzi zikalia, moja moja, zikikazwa. Kyule alikuwa ametoka na gitaa ambalo Wavinya hajawahi kuona likiteremshwa ukutani.

"Kijana, unajua kupuliza hiyo?"

"Babu alinifundisha wimbo mmoja tu."

"Huo huo."

"Babu, usiguse!" Wavinya akapiga kelele. "Wa kwanza—"

"Ndiyo. Tukipiga pamoja, wa kwanza kukivunja ni mimi." Mzee akaketi kwenye kigoda. "Niliapa kwa hasira, kama mtu ambaye hatapata wajukuu. Wewe hukuapa chochote. Puliza, kijana. Tukimaliza utaniambia mnaoana lini, nisikie kwa masikio yangu."

Mikail akamtazama Wavinya, machozi yakimtoka, akainua tarumbeta. Mzee akafumba macho, vidole vikakumbuka njia, na uso wake ukawa wa kijana.

Wavinya akapiga magoti kando ya kigoda, akashika kanzu ya mchumba wake kwa mkono mmoja na mguu wa babu yake kwa mwingine, akimwomba Mungu wimbo usiishe.