Mama Aliyekatwa Maneno

Alasiri moja, kama kawaida yake, Kasuku alitoka shule na kupitia kwenye karakana ya mama yake. Mama, ambaye ni fundi wa makochi, alikuwa amepiga magoti, misumari midogo ameibana midomoni, akivuta kitambaa kipya juu ya sponji.

Mteja mmoja aliingia bila hata hodi. "Fundi, kochi langu litakuwa tayari lini?"

Mama alitemea misumari kiganjani. "Ki-ki-ki..."

"Kitambaa chake kinaletwa kesho. Njoo keshokutwa!" alidakia Kasuku.

Mteja alicheka. "Mama ana mikono, mtoto ana mdomo. Mmegawana kazi vizuri!"

Ndiyo maana akaitwa Kasuku. Mama alikuwa na kigugumizi, na binti yake, tangu alipojua kusema, alikuwa akimmalizia sentensi. Nyumbani hakuna aliyekijali kigugumizi hicho. Nje, watu walikodoa macho.

Muhula huo mwalimu aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja atengeneze filamu fupi ya kweli kuhusu maisha yake na familia yake. Kasuku aliazima simu ya mama mdogo, akamhoji mama pale pale karakanani. Mama alisimulia jinsi babu alivyomfundisha kazi, na jinsi alivyomshonea Kasuku godoro la vipande vya sponji siku alipozaliwa. Kisha Kasuku akaanza kuikata filamu. Kila neno lililokwama alilitoa, na kila kimya nacho akakitoa, hadi mama akawa anaongea kama mtangazaji wa redio.

Moyo wa Kasuku ulitulia, lakini haukutulia kwa muda mrefu. Siku moja kabla ya maonyesho, mwalimu alitangaza, "Wazazi watakaa mbele. Filamu ikiisha, mtawauliza maswali."

Nyuma ya Kasuku alikaa Mapengo, bingwa wa kuigiza watu, kuanzia mlinzi hadi mwalimu mkuu. "Mama yako nina swali lake," alinong'ona, akicheka.

Jioni Kasuku alikisukuma chakula pembeni. "Mama," alisema Kasuku, "kama kesho una kazi nyingi, si lazima uje."

"Ka-kazi itangoja. Mwanangu ana fi-filamu, nami nibaki nagonga misumari?" Mama alicheka. Kasuku hakuweza. Akisema ukweli, mama atajua kwamba mtoto wake anamwonea aibu. Asiposema, kesho darasa zima litajionea. Mbele moto, nyuma moto.

Kesho yake mama alifika mapema, amevaa gauni la buluu, akaketi mstari wa mbele na kumpungia mkono. Filamu ya Kasuku ilianza. Maneno yalitiririka kama maji ya bomba. Ilipoisha, watu walishangilia. Kasuku alimtupia mama jicho. Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameinama, akitazama mikono yake.

Mapengo alinyoosha kidole. "Mama, ni kochi gani lilikusumbua kuliko yote?"

Mama alisimama. "Ni la m-m-m..."

Mtu alikohoa ili kuficha kicheko. Kasuku aliruka kutoka kitini. "Ni la muuza—"

Mama aliinua kiganja. "Ngo-ngoja, mwanangu. Acha ni-nisimulie mwenyewe."

Polepole, mama alieleza jinsi alivyofumua kochi la muuza maziwa akakuta panya amezaa ndani, na jinsi yeye na mteja wake walivyopanda juu ya meza moja, wakishikana kama mapacha. "Pa-panya wakabaki chini, utadhani ni wao we-wenye karakana!"

Darasa lilivunjika mbavu. Mapengo alicheka hadi akajifuta machozi, na aliyechekwa hapo alikuwa panya. Kisha akauliza, safari hii bila mzaha, "Lakini mama, mbona kwenye filamu unaongea vingine?"

Mama alimgeukia Kasuku, akamngoja.

Kasuku aliinua uso. "Ni... ni..." Hakuna aliyemmalizia. "Ni mimi. Nilimkata. Niliogopa mtamcheka."

"Ile nzima ipo?" aliuliza mwalimu.

"Ipo kwenye simu."

"Tuoneshe."

Filamu nzima ilikuwa ndefu, na mara nyingi mama alikwama. Lakini alipofika kwenye neno "ulipozaliwa", alikwama, akaitazama kamera, akatabasamu kwa muda mrefu kabla neno halijatoka. Kasuku aliliona tabasamu lile, macho yakamlowa. Alikuwa amelitupa pamoja na kigugumizi.

"Wengi hudhani kudanganya ni kuongeza chumvi tu," alisema mwalimu. "Kupunguza nako ni kudanganya. Mkisimulia habari za watu wenu, zisimulieni nzima."

Walipofika kwenye geti la shule, Kasuku alimshika mama mkono. "Nisamehe, mama. Nilikuonea aibu."

"Ni-nilijua, na iliniuma," alisema mama, akimvuta karibu. "Lakini leo umesema mwenyewe, mbele ya wa-watu. Sasa sikiliza. Maneno yangu hu-huchelewa njiani, ila hufika. Usi-usiyakimbilie. Yangoje."

Kasuku alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga, kwa sababu mama alikuwa bado hajamaliza.