Aliyesokota Nyuzi kwa Jina la Dada

"Chagua, Dovie. Mimi, au hao watoto wa kwenye picha."

Sauti ya Wendell ilikuwa nzito kwenye simu. Mama yake, bibi Verna, mtu wa miaka sabini na ushee, alikuwa ameapa kutokanyaga harusini kama mkwe wake mtarajiwa hataacha kupita nyumba hadi nyumba akiulizia na kuandika habari za watoto waliofanyishwa kazi kwenye kiwanda cha nyuzi zamani zile.

"Mama anasema unafukua aibu za watu."

"Aibu ni ya waliowaajiri, Wendell. Kwenye picha hii amebaki mmoja tu ambaye sijajua aliishia wapi. Siachi."

Simu ikakatwa. Dovie alilia kidogo, akafuta macho, akakaanga kuku. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kupamba makaburi, na kule Carolina watu hula pamoja palepale makaburini.

Aliyebaki alikuwa kabinti peku, kamesimama kando ya mashine iliyokazidi kimo. Nyuma ya picha iliandikwa: Etta Lunsford, miaka kumi na miwili, 1909. Wazee wote walimkumbuka Etta wa kiwandani, ila hakuna aliyejua aliolewa wapi.

Asubuhi, aking'oa majani kwenye kona ya maskini pale makaburini, Dovie akaliona jiwe dogo. Etta Lunsford. Amefariki 1905.

Akachuchumaa, akalisoma tena. Maiti hasokoti nyuzi.

Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa bibi Verna, amekumbatia maua, amekuja mapema asionekane na watu.

"Unamjua, mama?"

"Dada yangu." Akakaa kwenye nyasi. "Kiwanda kilitaka wa miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na saba. Baba akanipeleka kwa jina la Etta. Nyumba nyingi zilifanya hivyo, mwanangu. Mtoto akizikwa, jina lake linakwenda kazini. Nimeitwa jina la marehemu mpaka nikawa mwari, na nikaitika. Nilipoolewa mjini nikasema pamba siijui. Huko walitudharau sisi wa viwandani, wakatuita vichwa vya pamba."

Picha ilikuwa mkobani. Dovie hakuitoa. Alimshika bibi mkono, wakang'oa majani pamoja.

"Sitaandika neno bila ruhusa yako, mama."

"Na mwanangu Wendell?"

"Nampenda. Ila siwezi kumdanganya kwamba nimeacha kazi hii."

Bibi akamtazama.

"Hebu nionyeshe hiyo picha."

Aliiangalia kwa muda mrefu, akaipapasa miguu ile peku kwa kidole.

"Andika Verna. Na andika saba."

Wendell alifika watu wakiwa mezani. Mama yake alimwita mbele ya wote, akamsimulia bila kuficha, mpaka jirani mmoja akaweka kijiko chini.

"Mwenzio kaniuliza kwa heshima," akamalizia. "Wewe ukamwambia achague. Mwombe radhi."

Wendell akavua kofia.

"Nisamehe, Dovie. Nilidhani namlinda mama. Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Lakini Jumatatu naanza picha nyingine. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Na mlango nitagonga mimi."

Bibi Verna akawasogezea sinia la kuku.

"Kuleni basi. Harusi ni Jumamosi, na bwana harusi kakonda kwa kununa."