Daktari wa Vikombe

Kwa niaba ya wapendanao wote, na kwa idhini ya mamlaka husika, tunatangaza rasmi mapenzi makuu yaliyozaliwa bustanini, chini ya mbalamwezi.

Kusema kweli yalizaliwa saa sita mchana, langoni mwa kiwanda cha vyombo vya udongo, siku ya kuuza vyombo vyenye kasoro kwa bei ya kutupa. Watu walisukumana. Kijana mmoja aliyevaa suruali nyeupe, kosa kubwa mahali penye vumbi lile, alikumbatia buli lenye maua.

"Linavuja hilo," dada wa nyuma yake alisema, akiligonga kwa kidole.

"Umejuaje?"

"Limeniambia."

Alikuwa mkaguzi, mwenye kilemba cha manjano na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Kutwa nzima aligonga vikombe kwa kijiti. Kizima kililia *ting*, chenye ufa kililia *dup*, na cha *dup* kilikwenda pipani kuvunjwa. Wenzake walimwita Daktari. Kijana alikuwa mchoraji mpya, siku yake ya tatu.

Wiki ya pili akawa anampigia simu kila jioni.

"Daktari, moyo unanidunda."

"Unywe maji."

"Nimekunywa."

"Basi ulale, mpenzi," akasema, kisha akakata simu haraka, maana neno lilikuwa limemponyoka.

Miezi minane ikapita hivyo. Jumatatu moja mchoraji aliandika jambo ndani ya kikombe, kwenye kitako, akakichoma, na Alhamisi akakipenyeza kwenye trei ya mkaguzi. Akajibanza nyuma ya rafu, jasho likimtoka.

*Dup.* Mkaguzi akakitupa pipani bila kukitazama, huku akicheka na jirani yake.

Jioni ile mchoraji alipiga simu ili ajue moja. Akajibiwa kwa sauti laini: "Mteja unayempigia hapatikani, wala hatapatikana. Tafadhali jaribu kwingine."

Kufikia Jumamosi alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda kiwanda cha vigae, mji mwingine. Mkaguzi alizisikia habari hizo kwa msimamizi. Alimkuta mchoraji akifunga brashi zake kwenye gazeti.

"Unaondoka bila kuniaga?"

"Uliniaga wewe, Alhamisi. Kwa kishindo."

"Alhamisi nilivunja vikombe arobaini na viwili. Chako kipi?"

"Kile chenye maandishi ndani."

"Mimi sisomi vikombe, bwana. Navisikiliza. Kilikuwa na ufa."

Mchoraji aliinama. "Na simu? Mwanamke wa mtandao aliniambia nijaribu kwingine."

"Alisema hivyo? Ujaribu kwingine?" Mkaguzi akafinya macho. "Huyo niachie mimi. Uliandika nini?"

Mchoraji alichukua kikombe kibichi, akachovya brashi, akaandika upya. Mkaguzi akaziba macho.

"Usinionyeshe. Hakijachomwa, sina cha kugonga. Tanuri linataka siku tatu."

"Basi langu linaondoka saa kumi leo."

"Basi litapakia watu wengine."

Mkaguzi akafungua gazeti, akazirudisha brashi koponi moja moja. Mchoraji hakumzuia.

Jumanne meza nzima ya ukaguzi ilisimamisha kazi ili kutazama. Mkaguzi alikipokea kikombe kingali na joto, akakigonga. *Tiiing*, mlio mrefu hadi kwenye madirisha. Ndipo akachungulia ndani: *Nikuoe?*

Akakiweka kwenye rafu ya vizima.

"Kimepita."

"Kikombe au mimi?"

"Wote wawili."

Hapo mchoraji akapiga goti kwa heshima, na njiwa weupe—

Hakukuwa na njiwa. Mkaguzi, ambaye ni dada yangu, amesimama nyuma ya kiti changu na anasoma. Goti pia amelikana: mchoraji alijikwaa kwenye ndoo.

"Mwandishi," anasema, "ile sauti laini ilikuwa ya nani?"

Mteja unayemuuliza hapatikani kwa sasa.

"Nauliza mara ya mwisho."

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nyumbani likizoni kutoka shule ya bweni, simu yake ikalia mezani, yeye anaoga. Bweni zima linajua naiga sauti ile vizuri. Nilidhani akiolewa, siku ya kutembelewa nitakaa peke yangu kwenye benchi la lango la shule.

Amenihukumu kuosha vikombe vyote vya harusi. Kisha akanigonga utosini kwa kijiti, akasikiliza.

"Dup," alisema, akanikumbatia. "Tutakuja wawili."